Wachezaji wa Kutazamwa Msimu Huu

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umelala ukaamka, umekula ukashiba, na miguu imepumzika baada ya zamu. Mama anasema uliposema naye kwenye simu sauti yako ilikuwa ya mtu mwenye mafua. Mimi nikamwambia labda ni sauti ya muuguzi aliyechoka kubembeleza watu wazima wameze vidonge. Utanijibu ni kipi kati ya hivyo viwili. Je, yule mwenzako wa chumbani bado anaimba akipiga nguo pasi? Na zile soksi nilizokufumia zinakutosha, au umeshampa mgonjwa?

Sisi huku hatujambo kiasi. Mama anashona sare za shule, sebule yote imejaa vitambaa vya buluu, na ukiketi bila kuangalia unainuka na pini. Kaka yetu anasoma, anafanya mazoezi, anarudi, anakula kimya. Siku hizi hata Mama anamwita Kobe kama wanavyomwita wenzake wa timu, na yeye anaitika. Mimi nimepanda darasa, na mwalimu wa lugha amesema insha zangu zimekomaa, ila napamba mno.

Habari za Baba nimeziweka mwisho wa salamu makusudi. Mama alikwambia yuko likizo. Si likizo, Dada. Chuo kimemwondoa kwenye ukocha wa timu mpaka daktari wa macho atoe kauli yake, na wewe unajua kauli hiyo itakuwaje. Lakini si hilo linalotutisha zaidi. Baba sasa anaamini kwamba akili yake inaharibika. Anasema macho yalitangulia na kichwa kimefuata nyuma. Asubuhi anamuuliza Mama mara mbilimbili kama kweli ametia dawa machoni, wala si kwamba amesahau, ni kwamba hajiamini. Juzi bomba la jikoni lilikuwa linavuja, maji yanamdondokea kwenye kiatu, naye akakataa kumwita fundi mpaka mtu mwingine athibitishe kwamba kweli linavuja. Tulicheka, na yeye akacheka. Kisha akaingia chumbani kwake na kujifungia.

Sikutaka kukueleza haya kwa simu kwa sababu katika nyumba hii simu ikilia wote tunaipokea. Mama anasimamisha cherehani, Kobe anatoa kichwa mlangoni. Tena kuna mambo hapa ambayo naweza kuyaandika lakini mdomo wangu haujaweza kuyatoa. Naomba uisome barua yote kabla hujapiga.

Uliposikia kwamba ni presha ya macho, wewe ndiye uliyemsihi Baba awaambie wakubwa wake mapema, naye akakuahidi. Hakuwaambia, Dada. Alisema atawaambia msimu ukiisha. Msimu ukaisha, akasema hakuna kocha anayeanza msimu mpya kwa habari mbaya. Aliweza kutembea, aliweza kusoma akiusogeza ukurasa puani, na uwanja wa mazoezi anaujua kama kitanda chake. Ila pembeni hakuona kitu. Aliniambia ni kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: unaona kitasa cha mlango wa pili, lakini watu waliomo chumbani huwaoni. Na mpira, Dada, hauchezwi kwenye tundu la ufunguo.

Tangu msimu ule uliopita alikuwa ameanza kunichukua mimi. Watu wote walidhani ni deko la kitinda mimba, kwamba kocha hawezi kuachana na bintiye hata kwenye mechi. Nilipewa kazi ya chupa za maji ili niwe na sababu ya kukaa benchi, na nafasi yangu ilikuwa ubavuni pake, karibu na sikio lake. Kazi yangu ya kweli ilikuwa kumtazamia mechi na kumwambia.

Ili walio karibu wasituelewe, tuliugawa uwanja kwa vyumba vya nyumba yetu. Alifikiria mwenyewe, na alifurahi kama mtoto. Goli letu lilikuwa chumba cha Baba na Mama, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuingia bila kubisha. Winga ya kulia ilikuwa jikoni, ya kushoto ilikuwa barazani, katikati ni sebuleni, na goli la wapinzani ni getini. Kona tuliiita bafuni, kwa ajili ya ule msongamano wa asubuhi. Mpira ukitoka nje nilimwambia umeenda kwa jirani. Basi mimi nilikuwa nanong'ona tu: umeingia jikoni, Kobe anao, ameutoa hadi sebuleni, umefika barazani, umerudi. Baba anasikia, anafumba macho kidogo, anaiona nyumba yake, halafu anasimama na kupiga kelele kwa mtu anayestahili kupigiwa kelele. Mchezaji mmoja wa akiba aliwahi kuniuliza mbona kila mechi namsimulia mzee habari za jikoni, kwani nyumbani hatupiki? Nikamwambia Baba hupenda kujua mapema kuna nini cha kula.

Nilikuwa najivunia, Dada. Nakiri. Nilikaa darasani nikiwatazama wenzangu na kujiambia kwamba hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba timu nzima ya chuo inaongozwa kwa macho yangu.

Sasa nikueleze wachezaji, maana habari yenyewe imetokana nao. Chuo kina desturi kabla ya msimu kuanza: wanafunzi wanakusanyika ukumbini, jezi mpya zinaonyeshwa, na kocha anasimama kutaja wachezaji watatu wa kutazamwa msimu huo. Picha zao hubandikwa hadi kwenye mlango wa bwalo. Ukitajwa, vilabu vikubwa vinapotuma watu wao kutafuta vijana, wanakuja na jina lako mdomoni. Asiyetajwa anacheza tu kama nyasi zinavyoota.

Wa kwanza kwenye akili ya Baba alikuwa kipa wetu, anayeitwa Bibi Harusi kwa sababu ya mwendo anaokwenda nao golini, polepole, akijifunga glavu kama anasubiri kupigwa picha. Lakini mpira ukija anaruka kama paka aliyemwagiwa maji. Wa pili ni beki wa kati anayesomea udaktari wa meno. Huyo wanamwita Mng'oaji, na washambuliaji wakimwona anakuja huachia mpira wenyewe bila sindano ya ganzi. Hao wawili niliwasimulia kama walivyo, na hakuna atakayebisha.

Wa tatu alikuwa Kioo. Huyu anacheza namba kumi na moja, pale barazani. Jina alilipata kwa sababu hawezi kupita dirisha la gari bila kujitazama nywele. Ana mbio, na akiwa na mpira mguuni watu husimama. Lakini mpira hana haja ya kuutafuta. Anausubiri, mikono kiunoni, mpaka wengine wamletee.

Na anayemletea ni Kobe. Kaka yetu anacheza namba sita, na unajua namba sita ni mtu wa kufagia. Anakaba, anapora, anatoa pasi, anarudi kufagia tena. Goli likifungwa, wenzake wote wako getini wanakumbatiana, yeye yuko sebuleni anafunga kamba za viatu.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Nilikaa mstari wa mbele karibu na kiti cha Baba. Alivaa lile koti lake la kijivu, Mama alikuwa amelipiga pasi mpaka mikunjo inakata. Akamtaja Bibi Harusi, watu wakapiga vigelegele vya harusi. Akamtaja Mng'oaji, watu wakashika mashavu. Kisha akamtaja Kioo. Na hapo mwanafunzi mmoja, kijana wa watu hakuwa na nia mbaya, akatangaza goli la Kioo la mechi ya mwisho ya msimu uliopita na kuwasha ukutani video yake, aliyokuwa ameichukua kwa simu kutoka jukwaani.

Baba alikuwa amewageukia watu, ukuta uko nyuma yake. Akaanza kulisimulia lile goli kwa moyo wote. Akasema tazameni huyu winga, kwa kawaida mawinga ni watu wa kusubiri kuletewa, lakini huyu ametoka upande wake, amevuka uwanja wote, ameingia kulia kule akampora mtu mpira, akampita wa pili, akaupeleka mwenyewe hadi golini. Akasema katika maisha yake ya ukocha hajaona winga mwenye moyo wa kufagia namna hiyo. Alikuwa anaonyesha kwa mkono nyuma yake bila kugeuka. Na ukutani, mbele ya macho ya ukumbi mzima, aliyepora mpira alikuwa namba sita. Aliyempita wa pili alikuwa namba sita. Namba sita alikimbia nao peke yake nusu ya uwanja, akautoa pembeni, na Kioo aliyekuwa amesimama pale na mikono kiunoni akausukuma tu ndani.

Mwanzoni watu walicheka, walidhani kocha anatania. Kisha kicheko kikaanza kupungua, kimoja kimoja, kama taa zinavyozimwa mabwenini. Baba akasikia. Uso wake ukaanza kutafuta. Mimi nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa goti, na ningeweza kumnong'oneza neno moja tu. Sikulinong'oneza.

Aliyetuokoa ni Kobe. Alisimama kutoka katikati ya wachezaji, mtu asiyependa hata kuitwa jina darasani, akawaambia wenzake kwamba hawamjui huyu mzee, kwamba nyumbani ukifanya jambo zuri anamsifu mtoto wa jirani ili wewe usivimbe kichwa. Akasema yeye ameshazoea, tena leo amepata nafuu, kwa kawaida hata jirani hatajwi. Ukumbi ukacheka upya, kwa shukrani nadhani, na Baba akacheka nao bila kujua anachekea nini.

Lakini ofisa wa michezo hakucheka. Ni mtu mpole, huwa ananisalimia. Sherehe ilipokwisha alimjia Baba kutoka ubavuni akamnyooshea mkono kumpongeza. Baba hakuuona. Ofisa aliuacha mkono wake pale pale hewani muda mrefu, akimtazama Baba usoni, kisha akaurudisha taratibu mfukoni. Mimi niliuona ukirudi. Wiki iliyofuata Baba akaitwa ofisini.

Siku ile ile ya ukumbini, tulipofika nyumbani, Baba alimuuliza Kobe goli lile lilikuwaje. Kobe akamjibu kwamba aliupora yeye, akampasia Kioo, Kioo akafunga. Baba akasema haiwezekani, anakumbuka kabisa jinsi Kioo alivyotoka barazani akaingia jikoni. Alisema anakumbuka hata alivyoinama. Kobe akatazama sakafu. Ndipo Baba akaketi. Akasema basi ameanza kuona vitu ambavyo havikuwepo. Akamwambia Mama kwamba mimi bila shaka nilimsimulia sawasawa, ila kichwa chake kimebadilisha watu.

Hakuniuliza, Dada. Kobe yuko pale, Mama yuko pale, mimi niko pale nimeshika trei ya chai, na Baba hakufikiria hata kidogo kuniuliza mimi.

Baadaye Mama akaamua kwamba kocha msaidizi ndiye aliyepeleka maneno chuoni kwa sababu anakitaka kiti cha Baba. Yule kijana alipokuja kumjulia Baba hali, amebeba mfuko wa machungwa, Mama alimwacha asimame mlangoni akazungumza naye huku anakata uzi kwa meno. Akaondoka na machungwa yake. Nami nilikuwa ndani, nakunja sare, nasikia kila kitu. Wewe pia ulimwambia Mama kwenye simu kwamba mtu wa namna hiyo hana haya. Nilisikia, kwa sababu katika nyumba hii simu inapokewa na wote.

Asiye na haya ni mimi. Baba hakubadilisha mtu yeyote kichwani mwake. Anakumbuka vizuri kabisa kile nilichomwambia. Niliyebadilisha ni mimi.

Nitakueleza ilivyoanza, wala usifikirie mabaya, hakuna lolote kati yangu na mtu yeyote. Nilipokuwa nawapelekea maji, wachezaji walikuwa wanachukua chupa kama wanachukua ukutani. Kobe ndiye mbaya zaidi, mbele ya wenzake ananiita Kasuku kwa sababu ya kunong'ona kwangu, na wote wakajifunza kuniita hivyo. Kioo peke yake alisema asante. Siku moja aliniuliza mimi nimeionaje mechi, akasikiliza jibu, akaniita Kocha Mdogo. Ndiyo hayo tu. Naona aibu kuandika jinsi yalivyo madogo.

Mechi iliyofuata ilikuwa ya mvua. Kobe aliupora mpira jikoni na kuutoa mpaka barazani, na ulimi wangu ukasema Kioo. Ukasema Kioo ameshuka hadi jikoni kuutafuta. Nilitaka kurekebisha, lakini Baba alijipiga goti akacheka kwa furaha, akasema hatimaye amepata winga anayejua kazi. Sikuwa nimemwona akifurahi hivyo tangu macho yaanze. Nikauacha uongo ule pale. Mechi nyingine nikauongezea mwenzake. Kila ambapo Kobe alifanya jambo zuri nililipeleka barazani, na kwa kuwa lazima Kobe awe mahali fulani, nilisema yuko sebuleni, amesimama. Nilikuwa najiambia kwamba ni haki, kwa sababu hata mwalimu ametufundisha kwamba anayeshuhudia asiwapendelee nduguze. Huo ulikuwa uongo wa juu ya uongo.

Na matunda yake alikuwa anayala Kobe mezani. Jioni baada ya mechi Baba alimwambia kwamba anatembea tu uwanjani kama mtu aliyepoteza funguo. Alimwambia amtazame Kioo ajifunze. Kobe alikuwa anamaliza chakula, anaosha sahani yake, anatoka kwenda kukimbia tena peke yake. Alidhani Baba anamkazia makusudi ili watu wasiseme mtoto wa kocha anapendelewa. Ile kauli yake ya ukumbini haikuwa mzaha, Dada. Ndivyo anavyoamini.

Nilikusudia kumaliza barua hapo na kukuomba wewe umwambie Baba, kwa kuwa wewe ni mkubwa na umezoea kuwaambia watu habari mbaya kitandani. Nikaisoma tena, nikaona kwamba nikikutuma wewe nitakuwa nimepata mtu mwingine wa kumpelekea kazi ambayo ni yangu. Nimeiacha mezani, nimekwenda, na sasa nimerudi kuimalizia.

Nilimkuta Baba sebuleni amepiga magoti. Mama amempa sumaku ya kuokotea pini, kazi isiyohitaji macho, na alikuwa anaiburuta taratibu juu ya zulia. Nilipiga magoti mbele yake pale anapoona. Nikamwambia yote, tangu mechi ya mvua. Nilimwambia kichwa chake ni kizima. Nilirudia hilo, kichwa chako ni kizima Baba, kilishika kila nilichokupa.

Hakuacha kuburuta sumaku. Ilikuwa inakamata pini moja moja. Kisha akaniuliza je, huyo Kioo angalau anajua mpira? Nikamwambia anajua, akiletewa. Akauliza je, huwa anarudi kukaba? Nikasema harudi. Akashusha pumzi, akasema kumbe alimfokea bure beki wa kushoto msimu mzima uliopita, maskini wa Mungu alikuwa peke yake barazani anashambuliwa na watu wawili. Alitaka kucheka akashindwa. Akaanza kuniuliza magoli mengine, moja moja, aliyoyaweka moyoni, na kila moja nikamwambia lilivyokuwa. Mengine nilikuwa nimeyapamba kidogo tu, mengine hayakufanana kabisa na yale aliyoyabeba. Nilikuwa nayachukua mkononi mwake, naye anayaachia.

Yakaisha. Akaiweka sumaku chini. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa: basi mwanangu, anachezaje?

Nilifungua mdomo, Dada. Nilitaka kumpa yote kwa mara moja. Na nikakuta sina. Nilijua mpira ulipotoka mguuni kwake, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nauiba. Lakini anaupataje? Anasimama wapi kabla haujafika? Anatumia mguu gani akibanwa? Anawaambia nini wenzake? Wakifungwa, uso wake unakuwaje? Nimekaa benchi mechi zote hizo, na sijawahi kumtazama. Macho yote ya Baba niliyopewa niliyapeleka kwa mtu mmoja anayejitazama kwenye madirisha. Nikamwambia Baba ukweli, kwamba sijui.

Alikaa akipapasa zulia kwa kiganja. Sikuona hasira usoni pake, na ningependa ningeiona. Halafu akauliza kama Jumamosi wanacheza. Nikamwambia wanacheza. Akasema tutakwenda, tutakaa jukwaani mbali na benchi ili tusimsumbue kocha msaidizi na kazi yake, na kabla ya hapo Mama amtumie salamu na kumwomba radhi ya machungwa. Akasema safari hii nisimsimulie mpira. Mpira atausikia mwenyewe kwa kelele za watu. Mimi nimtazamie mmoja tu, tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, hata akiwa amesimama, hata mpira ukiwa getini na watu wote wanaruka.

Hajasema kwamba amenisamehe, wala mimi sikuthubutu kuuliza. Lakini alipoinuka aliniwekea mkono begani ili nimwongoze hadi mlangoni, na alipofika aliita jikoni kwamba bomba linavuja, fundi aitwe.

Kobe bado hajui. Nitamwambia mwenyewe kabla ya Jumamosi, nakuomba sana usinitangulie. Najua ataniita Kasuku, na safari hii nitaitika.

Mama anasema ukipata nafasi umtumie vipimo vyako vya kiuno, ana kitambaa amekificha kwa ajili yako, na usiseme umenenepa maana hatakuamini. Msalimie mwenzako wa chumbani na wimbo wake. Msalimie na mgonjwa yeyote aliyevaa soksi zangu. Mimi nitakuandikia tena nikishajua jinsi kaka yetu anavyocheza.

Wako akupendaye na anayekuonea haya,

Mdogo wako wa mwisho